Mvumo Uliofutwa

Nilisikiza The Adept mara ya kwanza ndani ya matatu, kutoka Kisii mjini kwenda Keroka, mji wenye mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Waya zangu za masikio ni za bei ya chini, sauti inavuja. Mama aliyeketi kando yangu alivumilia nyimbo mbili, kisha akaniuliza, "Kijana, hiyo simu imeharibika?"

Haijaharibika, mama. Huyo ni Lord Spikeheart, Mkenya mwenzetu, jina lake Martin Khanja. Albamu ilitoka 2024 kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Kabla ya hapo alikuwa Duma, yeye na Sam Karugu, ambao albamu yao ya 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Msifikirie yule mnyama wa mbio. Jina hilo walilitoa kwa Kikuyu, giza.)

Wengi wanaomwandika huyu jamaa huanza na mshangao: kumbe metali inaweza kutoka Nairobi! Mimi mshangao huo sina. Nimekua karibu na obokano.

Kwa asiyeijua, ni ala ya Abagusii yenye nyuzi 8, bakuli kubwa la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Nyatiti ya majirani zetu Waluo ni ndugu yake mdogo. Obokano iko chini kabisa, kwenye besi, na uzi ukiguswa unasikia mvumo chini ya sauti yenyewe, kama nyuki ndani ya mzinga. Wapiga metali hununua mashine ili gitaa livume hivyo. Sisi mvumo ulikuja na ala.

Halafu tunaufuta. Mwaka jana tulimpeleka babu, mdogo wake babu mzaa baba, kurekodi katika studio moja. Kijana wa mitambo alikuwa na heshima zote. "Babu, hapa kuna kelele kidogo, nitasafisha." Akasafisha kweli. Tulipoletewa wimbo, obokano ilikuwa inalia kama kinanda cha kanisa. Babu alisikiza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyu anayepiga ni nani?"

Ndiyo maana The Adept ilinishika. Hakuna kilichopigwa deki. Ngoma za mashine zinapasuka, besi inakwaruza, na Khanja hajifichi: unasikia koo likichubuka, unasikia pumzi ikikatika. Lakini wageni aliowaalika ni wengi mno bana, na kila mmoja anakuja na zigo lake la kelele. Katikati ya albamu nilichoka, nyimbo zikawa zinakanyagana. Mpigaji wa obokano anajua kunyamaza. Anatupa neno, anaacha uzi mmoja uvume, wazee wanaguna, ndipo anaendelea. Khanja haachi nafasi ya kuguna. Ningemtafutia matanga mawili huku Nyamira, akae tu nyuma asikize.

Jumapili nilimwekea babu wimbo mmoja. Nilitarajia kufukuzwa. Aliinamisha kichwa, akasikiza wote, kisha akauliza huyu kijana amefiwa na nani.

Sikuwa nimeisikia hivyo. Nikamweleza kwamba ni wa ukoo wa Field Marshal Muthoni wa Kirima, yule wa Mau Mau aliyetunza nywele zake za msituni mpaka 2022, akafariki 2023, na kwamba albamu inamheshimu yeye.

"Basi mwache alie," akasema babu.

Studio inataka pesa nyingine ili iturudishie mvumo wetu. Kwa sasa rekodi pekee niliyo nayo yenye mvumo ni ya simu, imechukuliwa uani, jogoo anawika mara mbili na kuna mtu anaosha sufuria. Watu wakiniomba wimbo wa babu, hiyo ndiyo ninawatumia.