Toba ya Mwana Mpotevu: Ni Moyo au ni Tumbo?

Hadithi ya mwana mpotevu (Luka 15:11-32) si kitabu teule cha Kiswahili, lakini watahiniwa huileta wenyewe kila wanapoulizwa kuhusu maudhui ya toba. Huileta vibaya. Wengi huandika kuwa kijana alitambua makosa akarudi, wakabandika methali ya asiyesikia la mkuu, wakaendelea. Tuisome kama tunavyosoma hadithi fupi yoyote.

Uamuzi wa kurudi unatolewa kwa uzungumzi nafsia. Kijana analisha nguruwe, kazi ya aibu kuu kwa Myahudi, na anayatamani maganda yao. Wazo la kwanza linalomjia si baba wala dhambi. Ni chakula cha vibarua wa nyumbani kwao. Baada ya hapo ndipo anapotunga hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana, niajiri. Je, anatubu au ana njaa? Mimi naona njaa ndiyo iliyomwamsha, na mwandishi hafichi jambo hilo. Toba yenyewe imo katika kile anachokubali kupoteza, yaani jina la mwana. Tena linganisha aya ya 19 na ya 21. Hotuba inarudiwa mbele ya baba, lakini ombi la kuajiriwa halipo: baba ameshaanza kuagiza vazi, pete na viatu. Mtahiniwa asiyeona pengo hilo huikosa takriri na kinaya chake pia.

Nilipoifundisha katika Kidato cha Tatu, huku Meru, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, ndama alikuwa wa nani?" Darasa likacheka. Lakini aya ya 12 inaonyesha kuwa baba aliwagawia wote wawili. Kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 21:17, mzaliwa wa kwanza hupata maradufu. Basi mdogo alibeba theluthi akaimaliza, na vilivyobaki, ndama akiwemo, vilikuwa urithi wa mkubwa. Kutoka Igembe hadi Runyenjes kijana huyu anajulikana: alidai akatiwe shamba mzee akiwa hai, akaliuza, akaenda mjini. Siku akirudi, atajenga katika shamba la nani? Hilo ni swali la wazee na la bodi ya ardhi, si la mahubiri pekee.

Ndiyo maana simwiti kaka mkubwa mhusika wa wivu tu. Hasira yake ina hesabu ndani. Kosa lake limo katika lugha: anakataa kumwita mwenzake ndugu, anamtaja kama mwana wa baba basi. Baba katika jibu lake analirudisha neno ndugu. Hapo mgogoro unafika kileleni, kwa kuwa msamaha wa baba peke yake haujamrudisha kijana nyumbani.

Atakaye ulinganisho achukue Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kongowea anatoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babaye; humo aliyepotea ni mzazi, na mwana hana la kutubia.

Luka anamwacha kaka nje, ngoma ikisikika ndani. Mwanafunzi wangu alitaka kujua kama aliingia. Nilimwambia aandike ukurasa mmoja kwa nafsi ya kaka. Aliandika mbili, na ndama hakumsahau.