Namna ya Kuikagua Suti ya Kuzamia kwa Maji ya Kagera

Maji hupokonya joto la mwili kwa kasi inayozidi ile ya hewa tulivu kwa zaidi ya mara 20, na kwa sababu hiyo mzamiaji anayekaa saa nzima katika maji ya nyuzi 24 hutetemeka, ilhali mtu aliyeketi ufukweni katika hewa ya nyuzi hizohizo huona raha. Katika Mkoa wa Kagera uzamiaji ni kazi ya uokoaji zaidi kuliko starehe, kama ilivyodhihirika meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, na tena tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na kuua watu 19. Kwa Wilaya ya Ngara, na kwa ile ya Biharamulo, ambayo sehemu kubwa ya mwambao wake wa zamani wa Viktoria sasa imo Wilaya ya Chato, maji yanayohusika zaidi ni ya Ziwa Burigi na ya mito Ruvubu na Kagera, inayoungana karibu na maporomoko ya Rusumo.

Suti ya kawaida ya kuzamia hushonwa kwa neopreni, yaani mpira wa kutengenezwa uliotoka katika maabara za DuPont mwaka 1930, ambao hufurishwa kuwa povu lenye vipovu vidogo vya gesi visivyopenyana. Mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California alitambua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvaaji hahitaji kuwa mkavu: vipovu ndivyo vinavyozuia joto lisitoroke, na maji yaliyoingia ndani hayana madhara makubwa maadamu yametulia. Hukumu yote juu ya ubora wa suti hurudi kwenye swali hilo la utulivu wa maji, ingawa wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza unene.

Kipimo cha kwanza, basi, ni mkao wa suti mwilini, na hapa mkaguzi hana budi kuwa mkali kuliko muuzaji. Suti huvaliwa ikiwa kavu, mvaaji akainua mikono juu ya kichwa, akachuchumaa, kisha akavuta pumzi ya kujaza kifua. Inayofaa hubana kila mahali bila kuzuia pumzi wala kutia vidole ganzi. Macho yaelekezwe kiunoni kwa nyuma, makwapani na kwenye kinena, kwa kuwa uwazi unaobaki hapo hugeuka pampu, na kila mzamiaji apigapo teke maji vuguvugu hufukuzwa na ya baridi huingia. Kikosi kinachonunua suti kwa jumla ili kila mtu avae yoyote iliyo karibu hupoteza faida hiyo, maana suti ya milimita 3 iliyomkaa mtu sawasawa humtunzia joto kuliko ya milimita 5 inayompwaya.

Mshono hufuata. Katika mshono bapa, ambao ni wa bei nafuu, uzi hupenya mpira hadi upande wa pili, na sehemu hiyo ikivutwa mbele ya mwanga, matundu ya sindano huonekana. Katika mshono fiche, kingo hugundishwa kwanza, kisha sindano huchukua sehemu tu ya unene bila kutokeza ndani; huu ndio wa kuchaguliwa, hata kama rangi ya suti haivutii.

Mpira wenyewe hubonyezwa kwa kidole gumba: ulio mzima huinuka papo hapo, uliochoka hubaki na shimo. Milimita 3 humtosha anayeogelea kwa bidii, lakini mtafutaji anayefuata kamba polepole, akipapasa tope kwa mikono, hazalishi joto la kutosha na hufaidika na milimita 5. Tena, uso wa Ziwa Viktoria upo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo mgandamizo wa juu ya maji huongezeka maradufu kwenye kina cha mita 9 hivi badala ya 10, na vipovu hubanwa mapema kuliko baharini. Kwa kuwa maji yasiyo na chumvi huinua vitu kwa nguvu ndogo zaidi, mkanda wa madini ya risasi (wa kuongeza uzito) uliopimwa Unguja huwa mzito mno ziwani.

Suti kavu, ambayo hufungwa shingoni na vifundoni kwa vikingo vya mpira laini ili maji yasiingie, huhitajika Kagera kwa ajili ya uchafu kuliko baridi. Penye mafuta yaliyomwagika, au kandokando ya ziwa ambako vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozini, suti ya kawaida si kinga, kwani huruhusu maji kuigusa ngozi. Ubaya wa suti kavu ni kwamba mvaaji anayesubiri zamu juani ndani ya boti huweza kuzidiwa na joto kabla hajazama.

Utunzaji hauna siri. Suti huoshwa kwa maji safi na sabuni laini (hasa ndani, kwa sababu ambayo kila mzamiaji anaijua na hakuna anayeitaja), hukaushwa kivulini ikiwa imegeuzwa, na hutundikwa kwenye kitundikio kipana, mbali na joto la chini ya mabati na mbali na petroli na jenereta, ambavyo huharibu vikingo vya mpira. Zipu ya chuma ya suti kavu husafishwa vumbi jekundu na kupakwa nta. Nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa Biharamulo hawaikosi, hufaa kabisa. Suti ambayo mpira wake hauinuki tena haifai kuzamiwa, ila hukatwa vipande vya kuimarisha magoti na viwiko vya nyingine, kwa gundi ya neopreni inayopakwa mara mbili na kuachwa hadi inate kidogo tu kabla ya vipande kubanwa.