Mafundo, Noti na Kilomita kwa Saa: Uhakiki wa Istilahi za Mwendo Baharini

Kipimo cha mwendo kilicho sawa na maili moja ya bahari kwa saa kimepewa katika maandishi ya Kiswahili majina yasiyopungua matatu. Wako waandikao noti, wako waandikao fundo, na hawakosekani waandikao nati, ambalo ni jina la kidude cha kukazia parafujo. Mabishano juu ya majina haya si mapya. Lakini kwa kushughulikia jina peke yake tumeisahau kasoro iliyo kubwa zaidi, nayo ni namna tarakimu zinavyohamishwa kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Hasara yake humpata msomaji wa Wete, Kojani au Mkoani, ambaye hasomi kwa kujiburudisha bali kwa kuamua iwapo atang'oa nanga au atangoja.

Hata hivyo yafaa kuanza na jina. Wapingao fundo hudai kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, isiyo na asili katika ubaharia wetu. Dai hili halina nguvu. Mabaharia wa Kiswahili walikuwa na batli, yaani chombo cha kupimia mwendo. Katika umbo lake la zamani lijulikanalo duniani, chombo cha namna hiyo kilikuwa ubao mdogo uliofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Ubao ulitupwa majini upande wa tezi, kamba ikaachiwa, na baharia akayahesabu mafundo yaliyompita mkononi hadi mchanga wa chupa uishe. Nafasi baina ya fundo na fundo ilikuwa kama mita 14.4, na mchanga ulikwisha kwa sekunde 28. Msomaji akizigawanya tarakimu hizo ataona kwamba kila fundo moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Basi fundo ni jina la kitu kilichoshikwa mkononi, wala si la kukopa. Noti kwa upande wake tayari ina kazi mbili, ya fedha na ya muziki, na kuitwika ya tatu ni kuionea. Mpemba aweza kulalamika kwamba Fundo ni kisiwa kilicho magharibi ya Wete. Tukiandika mafundo kwa wingi, kama ipasavyo, lalamiko hilo hupungua.

Kutokana na asili hiyo twaona kosa la kwanza la hesabu. Wengi huandika chombo kilikwenda "mafundo 15 kwa saa". Saa imekwisha kuwamo ndani ya fundo. Kuiongeza tena ni kusema kwamba mwendo wenyewe huzidi kwa mafundo 15 kila saa ipitayo, na huo ni mchapuko, si mwendo. Mwalimu wa fizikia angelikata alama. Mtafsiri hakatwi kitu, na kosa huendelea kuchapwa.

Kosa la pili ni la maili. Maili ya nchi kavu, ile iliyoacha jina lake Maili Moja huko Kibaha, ina mita 1,609. Maili ya bahari ina mita 1,852, kipimo kilichokubaliwa na mataifa mwaka 1929 mjini Monaco. Aandikaye "maili 20 kwa saa" mahali palipokuwa na mafundo 20 ameupunguzia upepo karibu kilomita 5 kwa saa bila ya kujua. Kosa hili laweza kuepukwa kwa neno moja tu, bahari, na ndiyo sababu halina udhuru.

La tatu ndilo zito. Aghalabu nahodha hukutana na vipimo vitatu kwa safari moja. Tangazo la hali ya hewa humpa kilomita kwa saa. Chombo chake chaenda kwa mafundo. Na maandishi ya wataalamu wa bahari hueleza mwendo wa maji kwa mita kwa sekunde. Katika Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa na bara, maji huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi hupungua sana, na wakati wa kusi huweza kufikia mita 2 kwa sekunde. Mbili ni tarakimu ndogo, haimtishi mtu. Lakini ni kilomita 7.2 kwa saa, yaani karibu mafundo 4. Jahazi liendalo kusini kwa mafundo 5 likipambana na maji hayo husogea fundo moja tu. Mfasiri aliyeiacha ile mbili kama ilivyo hakukosea neno hata moja, ila msomaji hakuambiwa alichohitaji kujua.

Matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania yanastahili sifa kwa kushikamana na kipimo kimoja. Huandika upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wala hayachanganyi. Lakini neno "unaofikia" lina utata. Je, 40 ndiyo kikomo, au ndipo hatari inapoanzia? Kwa Kiswahili yote mawili yaweza kusomwa humo, na tofauti yake ni tofauti ya kwenda na kutokwenda. Zaidi ya hayo, kilomita 40 kwa saa ni kama mafundo 22, mwanzo wa daraja la 6 katika kipimo cha upepo cha Beaufort. Habari ikipita mdomoni kutoka redioni hadi pwani huwa "upepo arobaini" tu. Aisikiaye kwa mafundo ameupata upepo wa kilomita 74 kwa saa, ambao ni daraja la 8. Huyo atabaki bandarini, na huenda mara ya tatu asisadiki tena.

Wasomaji wa Pemba wanaikumbuka Septemba 10, 2011, ilipozama Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba. Msiba ule haukuletwa na istilahi. Chombo kilipakia watu kupita kiasi. Tunautaja kwa kuwa kila tangazo la bahari linasomwa na watu waliozika jamaa zao, na hao hawastahili maandishi ya kubahatisha.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiyaache mafundo kabisa, tukabaki na kilomita. Jibu limo katika ramani ya bahari. Maili ya bahari ni dakika moja ya latitudo, na nahodha huipima kwa bikari pembeni mwa ramani. Baina ya Wete na Mkoani ziko kama dakika 18, basi kwa mafundo 6 umbali huo ni wa saa tatu, bila ya kuhesabu mzunguko wa njia. Kilomita hazimpi wepesi huo. (Neno dakika nalo hubeba maana ya wakati na ya pembe, katika maandishi ya bahari yafaa kusema dakika ya latitudo kila mara.)

Kwa maoni yetu, maandishi ya mabaharia yatangulize mafundo na kufuatisha kilomita katika mabano. Yale ya umma wote yafanye kinyume chake. Tarakimu zipunguzwe desimali: mafundo 20 ya makadirio yasigeuzwe kuwa kilomita 37.04, kana kwamba upepo umepimwa kwa rula. Asiye na kikokotoo azidishe mafundo kwa mbili, kisha atoe sehemu moja ya kumi. Na pale penye "unaofikia", mfasiri amuulize mtaalamu kabla ya kuandika, kisha achague moja: "upepo wa kusi wa mafundo 22 (kilomita 40 kwa saa) au zaidi", ama "usiozidi mafundo 22".