Pongezi kwa Mafundi wa Milango ya Chuma
Mafundi wa kuchomelea vyuma, kuanzia Hadado katika Kaunti ya Wajir hadi Garissa mjini, wanastahili pongezi: usalama wa nyumba huanzia mikononi mwao. Fundi hodari hulizungushia komeo kisanduku cha chuma chenye tundu la mkono tu, msumeno usiifikie kufuli. Bawaba huzichomelea upande wa ndani. Kufuli bora ina upinde mfupi, mnene, wa chuma kigumu. Katika eneo hilo kame, adui mkubwa wa kufuli ni mchanga: mafuta mazito huunasa, ufunguo ukakwama. Kwa hiyo tundu la ufunguo hupulizwa vumbi litoke, kisha hutiwa unga wa risasi ya penseli. Kufuli iliyotunzwa hivyo hudumu miaka mingi.