Mwenda wa Bayeke na Bei ya Wimbo

Katika mwaka 1952, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, alifika hapa Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, pamoja na mashini yake ya kunasa sauti. Akamkuta kijana mmoja akipiga gitaa njiani. Ndiye Mwenda Jean-Bosco, Myeke wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. (Somo wake, Mtakatifu Yohane Bosko, alipokuwa mtoto alikusanya wenzake kwa kutembea juu ya kamba, basi jina halikupotea bure.)

Nyimbo zile zikatiwa katika sahani za Gallotone, na ule uitwao Masanga ukapata tuzo ya Osborn. Usikilizeni. Gumba linashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza juu ya zile nyembamba. Ni vidole viwili tu, lakini ukifumba macho utadhani wapo wapigaji wawili, pengine watatu. Tena harudii jambo lile lile kama kengele: kila akirudi anageuza kidogo, na kabla hujashika ulichosikia amekwisha kwenda mbele. Mtaalamu David Rycroft alijitaabisha kuandika mageuzi hayo, nota kwa nota, katika jarida African Music.

Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco aliitwa Nairobi. Akawa na kipindi chake redioni, kilicholipiwa na wauzaji wa vidonge vya Aspro. Huko Marekani desturi hii ilikuwa ya zamani: wenye sabuni walilipa, wachekeshaji na waimbaji wakasikika. Kwa njia hiyo wapigaji wengi wa Kenya walimjua, wakaufuata mkono wake.

Je, alifanya vibaya? Mimi simlaumu kwa mshahara. Mfanya kazi astahili ujira wake. Lakini wimbo wa tangazo una bwana wake. Jina la kidonge lazima lisikike wazi, lisikike mara nyingi, nalo gitaa lingoje mlangoni. Katika Masanga gitaa halimngoji mtu. Hiyo ndiyo tofauti, wala si ndogo. Leo waimbaji wetu wa Kongo hutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo, wakalipwa; watu huita libanga. Hapo nauliza kama nilivyouliza juu ya Aspro: ukiondoa jina lile, umebaki wimbo? Mara nyingi hakuna kitu.

Bosco alijua kujilinda. Hakuacha kazi ya ofisini ili aishi kwa gitaa peke yake, kwa hiyo hakulazimika kuimba kila alichoambiwa. Mwaka 1969 alipiga Marekani, katika sikukuu ya muziki ya Newport, na mwaka 1982 akazunguka Ulaya. Rekodi zake za miaka ile ya mwisho ni safi, lakini kwangu mimi hazina ule wepesi wa kijana wa Jadotville. Alikufa kwa ajali ya motokari mwezi wa Septemba 1990.

Vijana wa Likasi wasemao kwamba hawawezi kupiga bila umeme na vyombo kumi, watafute sahani za 1952. Wajaribu gumba peke yake kwanza, siku nyingi, mpaka litembee bila kuangaliwa. Ndipo waongeze kidole cha pili.