Mashine Kuukuu, Kasi Mpya

Laptopu nyingi zinazofika mikononi mwa fundi wa kompyuta hapa Kebirigo, kwenye milima ya Gusii, zilishatumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kuvuka bahari. Wauzaji huziita "ex-UK". Kuna ThinkPad T420 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2011, kuna HP EliteBook za miaka iyo hiyo, na kuna Dell OptiPlex za mezani ambazo saiba zetu hazijawa tayari kuziaga. Ndizo zinazojaza marejesho ya kodi kwenye iTax foleni zinaporefuka kuelekea 30 Juni. Ndizo watoto wetu wanazoombea nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, na ndizo mwalimu anazoandalia maazimio ya kazi usiku. Kisha siku moja zinaanza kujikokota, na mwenyewe anaambiwa na kila mtu kwamba mashine yake imezeeka, anunue nyingine.

Nataka kumsifu fundi anayekataa kusema hivyo kabla ya kuichunguza. Nimekaa muda mrefu kando ya meza ya mmoja wao, kwenye kibanda chake cha mabati karibu na barabara, na nimeona kwamba kuirudishia mashine kuukuu kasi yake ni ufundi kamili, wenye adabu na hesabu zake.

Kazi huanza kwa maswali. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameleta T420 yake ndani ya kiondo, imefungwa kwa leso.

"Mwalimu, inachelewa ukiiwasha, au ukishafungua kazi nyingi?" fundi alimuuliza.

"Kijana wangu, hata kuwaka ni shida. Naiwasha, naenda kupika chai, narudi bado inazunguka."

"Na kuna kazi yako humu ndani ambayo haiko mahali pengine?"

"Alama za wanafunzi wangu wote. Hazipo pengine."

"Basi tuanze na hizo alama, mwalimu. Kasi itafuata."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nivute kiti. Mteja alikuja kutafuta kasi, lakini fundi alishatambua kitu chenye thamani kuliko laptopu yenyewe, na akakiweka mbele.

Aliiwasha, akasubiri bila kubonyezabonyeza chochote, kisha akafungua dirisha linaloonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani. Prosesa ilikuwa inatumika kwa asilimia chache tu. Diski ilikuwa imefika asilimia 100 na haikushuka. Akaigeuza skrini ili mwalimu ajionee mwenyewe kwamba akili ya mashine bado ni nzima, ila inangojea kuletewa kazi.

Sababu yake inaeleweka ukiijua diski yenyewe. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, na mkono mwembamba unaosoma juu yake. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kwa hivyo kila kipande cha data husubiriwa kwa wastani wa milisekunde 5.6 kipite chini ya mkono, mbali na muda wa mkono wenyewe kusogea. Vipande vikitawanyika, diski ya namna hii haivuki mia moja hivi kwa sekunde. Ni kama karani wa kituo cha kununulia majani chai ambaye kwa kila mkulima kwenye foleni lazima ainuke, aende stoo, atafute kadi yake, arudi: mizani ni nzima na majani yapo, lakini karani yuko njiani. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala mkono. Hukifikia kipande chochote kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na kwa kuwa kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vidogo, hapo ndipo dakika nyingi zinapookolewa.

Fundi wa haraka angeichomoa diski palepale. Huyu aliisoma kwanza kumbukumbu ambayo kila diski hujiwekea kuhusu afya yake, akakuta sekta ambazo zilikuwa zimeanza kugoma kusomeka. Tangu hapo mwendo wake ulibadilika. Hakuiwasha tena Windows kwenye diski hiyo, kwa sababu kila mara inapowaka huandika humo, na diski inayokufa haitakiwi kusumbuliwa bure. Aliianzisha mashine kwa flashi yenye Linux, akachomeka diski ya nje, kisha akaiita programu iitwayo ddrescue.

Programu hii ina busara ya aina yake. Haiking'ang'anii kipande kibovu. Hunakili kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, ikiyaruka maeneo yenye shida, halafu ndipo hurudi kwenye yale maeneo na kujaribu kidogokidogo, kutoka mwanzoni na kutoka mwishoni. Hivyo diski ikikata roho katikati ya kazi, sehemu kubwa huwa imeshaokolewa. Pia huweka faili ya kumbukumbu inayoeleza imefika wapi. Kwa Kebirigo jambo hilo si dogo. Milima ya Gusii inajulikana kwa radi, na alasiri wingu likishuka umeme hukatika bila taarifa. Ulipokatika siku hiyo, fundi hakushtuka. Uliporudi, alitoa amri ileile na kuielekeza kwenye faili ileile, na unakili ukaendelea pale ulipokomea. Aliiacha ikakesha. Asubuhi yake faili za alama zilifunguka, na mwalimu akazipitia moja baada ya nyingine kabla ya bisibisi kugusa skurubu yoyote.

Ndipo mikono ikaingia. Alitoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kidogo ili umeme uliobaki ndani uishe. Alichora umbo la laptopu kwenye kipande cha boksi, na kila skurubu iliyotoka aliichomeka kwenye boksi mahali palepale ilipotoka kwenye mashine. Skurubu hizo zimepishana urefu kwa milimita chache, na ile ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi kuu au kupasua plastiki ya juu. Nimeona laptopu zilizouawa namna hiyo na watu waliojiita mafundi. Kile kipande cha boksi, ambacho mpita njia angekiona takataka, ndicho kitabu cha kumbukumbu cha kazi nzima.

Diski ya zamani ilitoka ndani ya mikanda yake miwili ya mpira. SSD ilikuwa na upana na urefu uleule, lakini unene wake ni milimita 7, na ile ya zamani ilikuwa milimita 9.5. Ukiisukuma tu ndani itashika, kisha siku moja laptopu ikitikiswa kwenye matatu, soketi italegea. Fundi alikata ukanda mwembamba wa plastiki, akaupima, akaupunguza, akaupima tena, hadi SSD ilipokaa bila kucheza wala kubanwa. Mteja hataiona sehemu hiyo kamwe. Fundi aliitendea kama vile ingewekwa dirishani.

Kwa kuwa alikuwa ameshaifungua, aliondoa kibodi akaifikia feni. Kati ya feni na mapezi ya shaba ya kupozea, vumbi lilikuwa limeshikana likawa tabaka zito kiasi kwamba alilibandua kwa koleo likatoka zima. Hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hivyo mashine ingebaki nzito hata baada ya kuwekewa SSD. Alifuta dawa ya zamani ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka na kupasuka, akapaka mpya kidogo sana katikati ya prosesa, akakaza skurubu za bomba la shaba kwa kupishanisha pembe, kila moja nusu mzunguko, ili uzito ulale sawasawa. Akaongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, baada ya kusoma lebo ya ile ya zamani na kutafuta ya aina yake.

Ufundi huu una ndugu zake mbali. Huko Ulaya na Marekani wapo wapenzi wa Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya Commodore iliyotoka mwaka 1987 na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya takriban megahazi 7. Hadi leo wanaiundia bodi za kuipa kasi. Bodi moja, PiStorm, hukaa kwenye soketi ya prosesa ya zamani na kuikabidhi kazi yake kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Ugumu wake hauko kwenye kasi, kwa kuwa Raspberry Pi inayo ya kumwaga. Uko kwenye kuelewana. Amiga huzungumza kwa volti 5 na Raspberry Pi kwa volti 3.3, kwa hivyo lazima pawe na vipuri vya kupatanisha umeme huo. Na chipu za Amiga za picha na sauti, Agnus, Denise na Paula, zinaendelea na mwendo wake wa 1987, kwa hivyo prosesa mpya ikitaka kumbukumbu iliyo chini ya chipu hizo, hungoja zamu.

Kanuni hiyohiyo inatawala meza ya Kebirigo. OptiPlex 780 ya mwaka 2009 ina njia ya diski ya SATA ya kizazi cha pili, ambayo haipitishi zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, hata ukiiwekea SSD ya megabaiti 550. Fundi mwaminifu hukwambia ununue ile ya bei nafuu, kwa sababu faida kubwa ni ule wepesi wa kufikia vipande vidogo, na huo utaupata. Akikuta diski imewekwa kwenye mfumo wa zamani wa IDE, haibadilishi kwenda mfumo mpya wa AHCI kwa pupa, maana Windows iliyozoea mfumo wa kwanza inaweza kugoma kuwaka. Huiandaa kwanza iwake katika hali salama, kisha ndipo hubadilisha. Kipya kinapoingia nyumba ya zamani, hufuata utaratibu wa nyumba.

Alimweleza mwalimu pia ukweli ambao wauzaji wengi huukwepa. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambui rasmi prosesa za umri huu. Akamwonyesha Linux Mint, akamfungulia faili zake za alama kwenye LibreOffice, akamwachia kiti ajaribu mwenyewe. Mwalimu alijumlisha safu, akachapisha ukurasa, akafungua barua pepe yake. Ndipo akasema, "Niwekee hii." Uamuzi ulikuwa wake, na fundi alihakikisha unabaki wake. Ilipowashwa kwa mara ya mwisho, mashine ya mwaka 2011 ilikuwa tayari kwa kazi chini ya nusu dakika, na feni ilikuwa haisikiki.

Tangu mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni, na hiyo ni kazi ya kupongezwa. Lakini kompyuta ikishafika shuleni, au nyumbani kwa mkulima wa chai, anayeiongezea miaka mingine ni fundi wa sokoni. Bila yeye, chuma kizuri na shaba nzuri huishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, na mwenye nyumba hukopa kununua nyingine.

Basi, msomaji, laptopu yako ikianza kujikokota, usiihukumu kabla haijafunguliwa. Tafuta fundi anayeuliza kuhusu kazi zako kabla ya kutaja bei ya kipuri, na umpe muda anaouomba, hata kama ni usiku kucha. Na ukifika wakati wa kulipa, usihesabu SSD peke yake ukamwambia hiyo ndiyo gharama, hayo mengine ni ya soda. Kipuri kinauzwa dukani kwa yeyote. Mlipe kwa kujua kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha, kwa kuwa hicho ndicho ulichomfuata.