Isimu na Nini?

Jumapili iliyopita nilikuwa Msambweni, kwenye baraza ya nyanya. Mdogo wangu alikuwa ameinamia simu, anachagua kozi za chuo kwenye tovuti ya KUCCPS, na zilibaki siku chache ifungwe. Aliandika uuguzi, akafuta. Akaandika isimu, akafuta. Mjomba, kikombe cha chai mkononi, akauliza swali lilelile aliloniuliza mimi miaka saba nyuma: "Haya mwanangu, isimu na nini?"

Zamani swali hilo lilinikera. Nilidhani ananiambia kwa adabu kwamba isimu haileti unga nyumbani. Siku hizi naona lilikuwa bora kuliko maswali yote niliyoulizwa chuoni. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa sekondari, na mwalimu wa sekondari hufunzwa masomo mawili: Kiswahili na dini, hesabu na fizikia. Kwake elimu isiyo na "na" katikati haijakamilika. Mimi nilisoma isimu miaka minne nikatoka bila jibu.

Hebu tuusome mwongozo wa kozi jinsi tunavyosoma kitabu. Nimepitia ya vyuo kadhaa na mpangilio haupishani sana: fonetiki na fonolojia mwanzoni, halafu mofolojia, sintaksia na semantiki, kisha isimujamii. Una ubora wake, tusiuonee. Unaanza na sauti moja, unapanda hadi neno, sentensi, maana, ndipo watu wanatokea. Anayeufuata kwa bidii anatoka akijua kuipasua lugha kwa ustadi. Kasoro yake ni kwamba watu wanachelewa kuingia. Anayezitamka hizo sauti anaishi wapi, anaumwa nini, anavua samaki gani? Hayo ni ya idara nyingine, na idara nyingine iko jengo lingine.

Wacha nikiri. Nilihitimu isimu bila kufungua hata mara moja kamusi ya lugha ya nyanya yangu. Na ipo. Inaitwa Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, kazi ya Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu, iliyotoka mwaka 2004. Hakuna aliyenikataza kuisoma. Hakuna aliyenitajia pia, na mimi sikuuliza.

Nilipoifungua hatimaye, niliganda kwenye kitenzi kimoja. Kwa Kidigo, kugomba ni kusema tu. Kwa Kiswahili, kumgomba mtu ni kumkaripia, na kugombana ni hayo tunayoyajua. Utotoni nilikuwa nikija likizo kutoka Likoni nikiamini kwamba kwa nyanya kila mtu anagombwa kutwa. Kumbe watu walikuwa wanaongea.

Nilichopenda zaidi katika Mgombato ni nani anayetangulia. Kidigo ndicho kinachouliza, na hizo lugha mbili kubwa ndizo zinazojibu. Ukisoma kwa utulivu unaanza kuona mpangilio: madzi na maji, mudzi na mji, dzina na jina. Pale Mdigo anaposema dz, sisi tunatia j. Hilo si jambo la bahati. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993, Swahili and Sabaki, waliifuata historia hiyo: Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro ni za ukoo mmoja. Yaani Kidigo si "Kiswahili kilichoharibika", kama nilivyowahi kumsikia abiria mmoja akisema ndani ya matatu ya Ukunda. Ni ndugu, na ndugu hawakosoani matamshi.

Lakini kamusi ina mahali inapoishia, na hapo ndipo mpango wa masomo ulipaswa kuanzia. Kwanza, kamusi haina sauti. Kidigo ni lugha ya toni, na mwanaisimu Charles Kisseberth alichapisha uchambuzi wa toni hizo tangu 1984. Kiswahili chetu kilishazipoteza, kwa hivyo sikio langu halijui lisikilize nini. Ukitaka kuzifuata unahitaji rekodi nzuri, fizikia kidogo ya mawimbi ya sauti, na programu kama Praat, waliyoitengeneza Paul Boersma na David Weenink kule Amsterdam, ambayo ni ya bure. Hapo isimu imeshapata "na" yake ya kwanza.

Pili, kamusi inapanga dunia kwa alfabeti. Nenda Kaya Kinondo, pale Diani, uone kama msitu umepangwa hivyo. Mti una jina, jina lina dawa, dawa ina masharti, na masharti yana wazee wake. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na haikuingia kwa sababu ya miti peke yake. Mwanabotania akija peke yake ataondoka na jina la Kilatini. Mwanaisimu akija peke yake ataondoka na ngeli. Mzee aliyewaonyesha mti atabaki na mengine yote, mpaka siku ambayo hayupo.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni wa neno ambalo kila daktari wa homa za joto analitamka: chikungunya. Ugonjwa huo ulielezwa na wataalamu baada ya mlipuko wa 1952 huko uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Jina ni la Kimakonde, linaeleza namna mwili unavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Liangalie vizuri. Lina chi- mbele, sawa na Chidigo, jina ambalo Wadigo wenyewe wanaiita lugha yao, sawa na Chi-Chifundi, jina la kitabu cha H. E. Lambert cha 1958 kuhusu Kiswahili cha pwani hii hii. Mgonjwa alieleza anavyojisikia, mtu akamsikiliza, na neno likaingia kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima.

Na Wamakonde si watu wa mbali kwetu. Wako hapa Kwale, vizazi na vizazi, na wengi waliletwa na kazi za mashamba ya mkonge. Mwaka 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi, kudai vitambulisho. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo neno la Kimakonde lilikuwa na hadhi katika maabara za Ulaya, na mwenye lugha yake hana karatasi Kenya. Ungeisoma habari hiyo katika somo gani? Tiba? Isimu? Sheria? Mimi nasema ukiisoma katika moja tu, hujaisoma.

Najua pingamizi. Mama alilitoa siku hiyohiyo, kutoka jikoni: mshika mbili, moja humponyoka. Na ana haki ya kuogopa. Karo ni pesa halisi, na tumewaona vijana waliogusa kila kitu wakamaliza bila kumudu kimoja. Mwanafunzi anayechukua isimu, muziki, kompyuta na Kifaransa kwa sababu vyote vinapendeza atapata mchanganyiko usio na ladha. Kuunganisha masomo kwa kuyarundika ni uvivu wenye jina zuri.

Ila methali inazungumzia anayeshika vitu viwili. Mimi nazungumzia swali moja linalohitaji mikono miwili. Ndiyo maana naona tunakosea tunapopanga masomo kwa kuanza na majina ya kozi. Anza na swali unaloweza kumwuliza mtu wa kwenu akakuelewa. Nyanya anayaelezaje maumivu yake, na nesi anaandika nini kwenye faili? Wavuvi wa Vanga na wa Funzi wanamwita samaki yuleyule nani, na majina hayo yanasema nini kuhusu tabia zake? Ukishalipata swali, kozi zitajipanga zenyewe. Utajua ni kozi gani ya hiari uombe kutoka idara jirani, ni mada gani uandikie tasnifu, na atachimenti yako uifanyie wapi. Huenda usipewe shahada yenye "na" unayoitaka kwenye cheti. Itabidi uishone mwenyewe, na ni afadhali uanze mwaka wa kwanza kuliko baada ya mahafali, kama mimi.

Nilimwambia mdogo wangu hayo yote. Akanitazama. "Dada, sasa niandike nini?"

Alimaliza kwa kuweka uuguzi wa kwanza na isimu ya pili, na sikumpinga. Kama atavaa sare ya nesi hapo Msambweni na mgonjwa akamweleza kwa Kidigo jinsi goti linavyomsumbua, kuna kazi ya isimu itakayofanyika hapo, hata kama hakuna atakayeipa alama. Nilimwomba kitu kimoja tu: awe na daftari la maneno ya wagonjwa, jinsi wanavyoyasema wao, kabla hayajageuzwa kuwa Kiingereza.

Halafu nikawasha kinasa sauti kwenye simu yangu, nikamsogelea nyanya, nikamwuliza kwa Kidigo changu kibovu anaumwa wapi. Mjomba akacheka. Nyanya hakucheka. Alinyoosha mguu, akaanza kugomba, na nusu ya aliyoyasema sikuyaelewa.